Siku moja maishani mwangu: msaidizi wa kisheria, Mbeya

Saa 12 asubuhi. Julai hapa Uyole baridi inachoma. Barabarani kina mama wamejifunga vitenge hadi kichwani, wanasubiri Fuso iwapeleke kwenye vibarua shambani. Malipo ni ya siku, maandishi hakuna. Kukosekana kwa maandishi ndiko kunakojaza benchi la ofisi yetu.

Saa 2 nimeshafungua, Mwanjelwa.

Saa 3 anaingia dada mjamzito, koti la mumewe halifungi vifungo. Alikuwa mhudumu wa nyumba ya wageni kwa zaidi ya miaka miwili. Tumbo lilipoanza kuonekana, bosi akamwambia akapumzike, asirudi tena.

"Dada, mimi sina mkataba. Nitashtaki nini?"

Swali hili linaniuma, maana wangapi wamebaki nyumbani kwa kuamini hivyo? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema wazi kwamba ujauzito si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Kifungu cha 15 kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira yake kwa maandishi. Shauri likifunguliwa na mwajiri hana maandishi hayo, ni juu yake kuthibitisha mlikubaliana nini. Kwa hiyo kukosa mkataba si hatia ya mhudumu.

Nikamwuliza alikuwa analipwaje. Akatoa simu: jumbe za miamala, jina la bosi, kila mwisho wa mwezi. Kisha akatoa daftari la shule lililolowa pembeni, zamu za usiku zimeandikwa kwa kalamu ya bluu, na wenzake wameweka saini. Ushahidi mzuri kabisa, na alitaka kuliwashia moto jikoni!

Tukahesabu siku. Lalamiko la kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Kwake zimebaki nne.

Saa 6 fomu imejazwa. Nakala lazima impate mwajiri kwanza, ila mlinzi getini amekatazwa kupokea. Basi, posta. Nikamkalisha, miguu imevimba, nikapanga foleni mimi. Imetumwa kwa rejista, na risiti ni uthibitisho.

Saa 9, binti mwenye stashahada ya uhasibu. Ameambiwa nafasi ipo, lakini wakaimalizie gesti jioni. Nyumbani wanamsema anachagua kazi. Nikamweleza kwamba rushwa ya ngono ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wanapigiwa bure kwa 113. Ameomba muda afikirie. Sikumsukuma, kwa sababu mtaani anayechafuka jina ni binti, mwanamume anaendelea na ofisi yake. Nilimsihi kitu kimoja tu: asifute ujumbe hata mmoja.

Saa 11 jioni nafunga. Kesho saa 2 asubuhi yule dada tunakutana CMA, na nimemwambia aje na kitambulisho, daftari na risiti ya posta.