Oringi ya breki ya nyuma: nilivyozuia uvujaji kwenye Honda ya zamani

Pikipiki yangu ni Honda XR 250 ya miaka ya 1990, yenye diski mbele na nyuma. Kazi yangu ni ugani, kwa hiyo napanda Mgeta, milimani huku Morogoro, mara kwa mara kwa njia ya Sangasanga. Kupanda hakunipi shida. Shida ni kushuka, kona baada ya kona, na begi la sampuli au kiroba cha karoti nilichopewa na wakulima kimefungwa nyuma. Breki ya nyuma hapo haipumziki. Ndiyo maana nilipoona mafuta kwenye kikopo cha breki ya nyuma yameshuka hadi karibu na alama ya chini, sikuyaongeza na kuondoka kama wengi wanavyofanya. Nilitaka kujua yamekwenda wapi.

Mafuta kushuka peke yake hakuthibitishi kuwa yanavuja. Pedi zikilika, pisitoni ya kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski) hutoka nje zaidi na mafuta hufuata kujaza nafasi ile. Nikaanza na pedi: zilikuwa nene bado. Halafu nikainama kutazama chini ya masta silinda, yaani pampu ya breki inayosukumwa na pedali. Rangi ya fremu ilikuwa imevimba vipele na kubanduka, chuma kinaonekana. Mafuta ya breki ya madaraja ya DOT 3 na DOT 4 hula rangi namna hiyo, na dawa yake ni maji mengi mapema, kwa sababu yanayeyuka majini. Kuyafuta kwa tambara kavu hakutoshi.

Niliosha sehemu yote kwa maji na sabuni, nikaiacha ikauke juani, kisha nikafunga vipande vya tishu nyeupe kila penye kiungo: pale mpira unapotoka kwenye kikopo, kwenye elbo ya plastiki inayoingia juu ya masta silinda, na chini kabisa kwenye raba ya vumbi. Tishu ya chini ingelowa, ugonjwa ungekuwa sili za ndani, na hapo ni kununua seti nzima ya vipuri vya ndani vya masta. Haikulowa. Iliyolowa ni ya elbo, tena bila mimi kugusa pedali. Upande ule hauna presha. Mafuta yanateremka yenyewe tu kutoka kikopo. Pedali bado ilikuwa ngumu na nzuri, na hiyo ndiyo hatari yake, maana breki inakupa imani mpaka siku kikopo kinapokauka, masta ivute hewa, na pedali izame chini ukiwa katikati ya mteremko.

Fundi wa jirani, ambaye namheshimu sana kwa kazi za injini, aliitazama akasema, "Bwana shamba, hapo ni kupaka gundi ya gasketi tu, kesho unaondoka."

Nikamwambia, "Gundi hapana, kaka. Ikimeguka kwa ndani itakwenda wapi?"

Alinielewa. Chini ya elbo ile kuna matundu mawili yanayoingia kwenye silinda, moja kubwa na jingine dogo kama lililotobolewa kwa sindano. Hilo dogo ndilo linaloruhusu mafuta kurudi kwenye kikopo unapoachia pedali na yanapotanuka kwa joto. Likizibwa na kipande cha gundi, breki itaanza kujibana yenyewe, diski ipate moto, na mwisho gurudumu linaweza kukaza kabisa.

Kufungua hakukuwa kazi kubwa. Nilinyonya mafuta yote kikoponi kwa bomba la sindano, nikafunika fremu kwa matambara mabichi, nikatoa klipu kwa plaizi nyembamba na kuinyanyua elbo. Oringi, yaani pete ya raba inayoziba kiungo hicho, ilikuwa imeganda humo. Nilipoitoa na kuishika kidoleni niliona kila kitu: raba ambayo ilitakiwa kuwa mviringo pande zote ilikuwa bapa juu na chini, ngumu kama plastiki, na ilipokunjwa kidogo ilionyesha nyufa nyembamba za kuzunguka. Haikuwa inasukuma tena kuta za kiota chake, yaani tundu inamokaa. Miaka yote hiyo ya joto la injini imeikamua.

Hapa ndipo penye jambo ambalo ningependa kila mwenye pikipiki ya diski alijue. Oringi za ukubwa ule zinapatikana kila duka la hidroliki, bei yake haifiki hata ya soda, lakini nyingi ni za raba ya naitraili, ambayo imetengenezwa kwa oili za petroli: injini, jeki, trekta. Mafuta ya breki ya DOT 3 na DOT 4 ni ya glaikoli, na raba zake kwa kawaida ni za EPDM, aina nyingine ya raba. Hizi mbili kwa macho zote ni nyeusi na ukiziweka mkononi hutazitofautisha. Naitraili ikikaa kwenye mafuta ya breki inavimba na kulegea. EPDM nayo ikiguswa na petroli, dizeli, oili au grisi ya kawaida inavimba vibaya zaidi.

Nilipata oringi mbili zinazolingana: moja kutoka duka la hidroliki, nyingine kutoka Kariakoo, kwa muuzaji wa spea za breki za magari, ikaletwa na basi hadi Msamvu. Sikutaka kuamini maneno ya dukani. Nilizitumbukiza kila moja kwenye kichupa chake chenye mafuta mapya ya breki, nikaziacha kwa siku kadhaa. Ya hidroliki ilitoka imenenepa na laini, haikutaka tena kukaa kwenye kiota bila kusukumwa. Ya Kariakoo ilikuwa vilevile nilivyoiweka. Hiyo ndiyo niliyofunga.

Kwa sababu hiyohiyo sikuosha chochote kwa petroli. Kiota nilikisafisha kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi, nikachokonoa uchafu mweupe wa alumini kwa kijiti cha mianzi, kwa kuwa bisibisi ingekwaruza na mkwaruzo mmoja ni njia mpya ya kuvujia. Tundu dogo nililimulika kwa tochi kuhakikisha liko wazi. Oringi nililainisha kwa mafuta ya breki yenyewe, bila grisi, nikaisukuma elbo kwa dole gumba mpaka klipu ikalia na kukaa kwenye mfereji wake wote.

Mafuta niliweka DOT 4, kama kifuniko cha kikopo kinavyoelekeza, kutoka kopo lililokuwa halijafunguliwa. Yakiwa mapya DOT 4 inatakiwa isichemke chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Yakishanyonya unyevu wa hewani, kiwango hicho kinashuka hadi 155. Kwa mteremko kama wa Mgeta tofauti hiyo si ya karatasini. Kutoa upepo ni kama kawaida: mpira mwangavu kwenye nipeli ya kalipa, mwisho wake umezama kwenye chupa yenye mafuta kidogo, spana namba 8, unakanyaga, unafungua, unafunga, ndipo unaachia pedali. Niliendelea hadi mafuta ya kahawia yakaisha na meupe yakatoka bila povu, huku nikiongeza kikoponi kabla hakijapungua sana.

Nilikanyaga pedali kwa nguvu na kuishikilia, tishu mpya ikiwa imefungwa kwenye elbo. Kavu. Niliiacha tishu palepale nikapanda hadi Nyandira, hukohuko Mgeta, na kurudi, nikaifungua nyumbani: ina vumbi jekundu tu. Kikopo cha mbele sasa kina unyevunyevu kwenye ukingo wa kifuniko, na raba yake ya mikunjo nimeshaiagiza Kariakoo kwa muuzaji yuleyule.