Neno la bibi wa Alhamisi

Jamani leo Jumapili na bado jambo la Alhamisi linanikaa kooni. Wiki ilikuwa na makubwa, karatasi zangu za ukaazi zimetoka na wifi kajifungua salama kule Mbagala, lakini nikiweka kichwa kwenye mto naisikia sauti ya bibi wa Alhamisi tu, yule mzee ninayekwenda kwake kila Alhamisi.

Aliniomba nimshushie kopo juu ya kabati, lile la biskuti lenye picha ya ngome na kutu kwenye mfuniko, siku hizi anawekea vifungo. Kasema ana miaka hajaligusa, ni ungetatable, hen, yaani mkono haufiki. Hen ni kuku jike, ndo huku Glasgow wanavyomwita mtu kwa upendo. Na mimi sijui nilijitia nini, nikamwambia, "Unamaanisha inaccessible?"

Akaniangalia. "Hapana. Hilo ni la kwenye fomu za halmashauri. Nimesema ungetatable, mama yangu ndo alivyokuwa anasema." Akageukia dirisha. Hakukasirika, afadhali angekasirika.

Unamaanisha! Mtu ana miaka 88 anaongea lugha yake, nyumbani kwake, mimi nimeshika kopo lake namwambia anamaanisha nini. Unamaanisha. Nimelirudia kwenye basi, nimelirudia naosha vyombo, kila nikilisikia nazidi kuona aibu.

Usiku nikatafuta. Neno lipo, la kizamani, hata mwandishi George Orwell alilitumia kwenye barua zake kuelezea nyumba aliyohamia kisiwani Jura mwaka 1946, alikoandikia riwaya yake ya Nineteen Eighty-Four. Jura ni huku huku Uskoti, ukienda na gari unapanda vivuko viwili, kimoja mpaka Islay kingine ndo kikuvushe, halafu barabara nzuri inaisha kabla hujaiona hiyo nyumba. Nikakumbuka kwetu Mafia bahari ikichafuka, boti haitoki Nyamisati na mtu unalala na mizigo yako hapo hapo.

Hapo moyo ukafunguka, maana niliona neno lenyewe limeungwa kwa vipande, un, get, at, able, sawasawa na letu! Kopo halifikiki. Ha, li, fik, ik, i. Inaccessible limetoka Kilatini huko, ila la bibi ni la kuungwa nyumbani kwa maneno ambayo hata mtoto anayajua. Nikampigia mama saa hiyo hiyo, kitu kiko juu mkono haufiki, unakiitaje? "Si hakifikiki, mwanangu, kwani huko hamsemi?" Nimecheka mpaka machozi. Alhamisi namwomba bibi radhi kwanza, kisha namfundisha aseme halifikiki.

Ila mama kaniambia mnazi wa uani umezidi kuinamia jiko, mkwezi wetu kahamia Dar, na kusi ndo inaanza.