Madirisha Kumi na Manne

Risiti ile niliichomeka katikati ya risiti za mbao na misumari, nikitumaini itapita. Ilikuwa Oktoba 2017, asubuhi ya baridi, na tulikuwa tumekaa kwenye ngazi za nyumba mbovu mashariki mwa Baltimore, jiji la jimbo la Maryland, Marekani: mimi, mwenyekiti wa chama chetu cha mtaa, na ofisa wa jimbo aliyekuja kukagua mradi kabla ya kuturudishia fedha zetu. Ndani hapakaliki, sakafu ilikuwa bado na matundu. Basi faili likafunguliwa hapohapo nje, juu ya mapaja ya ofisa, akaanza kupekua karatasi mojamoja. Kijana mdogo tu, mpole, ana kalamu mbili mfukoni, ya kijani na nyekundu. Ya kijani ndiyo iliyokuwa ikifanya kazi. Mimi macho yalikuwa kwenye ile nyekundu.

Mimi ni mtu wa Pangani. Nilifika Baltimore 2004 kufuata kazi ya hospitali, nikapanga chumba, kisha nikanunua nyumba kwa bei ambayo Dar es Salaam nisingepata hata kiwanja. Nyumba za kule zimeshikana kwa safu, ukuta wako ndio ukuta wa jirani, na mbele kila moja ina ngazi tatu nne za marumaru nyeupe. Wazee hukaa hapo jioni kama sisi tunavyokaa barazani. Lakini katika safu yetu ya nyumba kumi na moja, nne zilikuwa tupu, zimezibwa mbao milangoni, na mbili kati ya hizo zilipigiliwa kibao chekundu chenye X nyeupe, cha kuwaonya zimamoto kwamba humo ndani si salama kuingia.

Sikuhitaji kusimuliwa sababu, nilikaa na watu walioziishi. Mwaka 1950 jiji lilikuwa na watu karibu 950,000. Sensa ya 2010 ikahesabu 620,961. Kiwanda cha chuma cha Sparrows Point, kilicholisha nusu ya mtaa wetu, kilikuwa kimefungwa tangu 2012. Na kabla ya hayo yote kulikuwa na ile ramani ya serikali ya 1937 iliyopaka rangi nyekundu mitaa ya watu weusi, benki zikawa haziwakopeshi. Nyumba isiyokopesheka haikarabatiwi. Hesabu ya jiji lenyewe wakati wa mradi wetu ilikuwa zaidi ya nyumba tupu 16,000.

Januari 2016 gavana na meya walitangaza mpango mkubwa, dola milioni 75 za jimbo kwa miaka minne, nyingi zikiwa za kubomoa. Watu wengine walipiga makofi. Sisi tuliogopa. Nyumba za kushikana ukiing'oa moja katikati, majirani wa pande mbili wanabaki ubavu wazi, ukuta ambao haukujengwa kupigwa na mvua unaanza kunywa maji. Tulitaka zetu mbili zisimame, ziingie familia. Chama chetu kilikuwa na usajili na hadhi ya kutotozwa kodi, kwa hiyo tuliomba ruzuku katika programu nyingine ya jimbo, ya vyama vya mitaa vinavyofufua maeneo yao.

Mwenyekiti alikuwa mwalimu mstaafu, miaka sabini na kitu. Nilimwita Bibi, akalipenda neno hilo, na kila mtu wa mtaa akalichukua. Mimi nilifanywa mhazini kwa sababu moja tu: kila mtu mwingine alikataa.

Sasa niseme jinsi kichwa changu kilivyovimba. Wakati wa kuandika maombi, fundi wetu aliweka saruji kwenye makadirio ya kujaza viungo vya matofali. Nikasema hapana, chokaa. Babu yangu alikuwa fundi wa chokaa, akichoma matumbawe kwenye tanuru ufukweni, na nyumba kongwe za Pangani nimeziona zinavyokufa zikipigwa saruji. Saruji ni ngumu kuliko tofali la zamani. Unyevu unakosa njia kwenye kiungo, unatokea kwenye tofali lenyewe, na uso wa tofali unabanduka kama ukoko. Fundi alicheka. Wiki iliyofuata watu wa mambo ya kale, ambao hupitia kazi ya namna hii kabla haijaguswa na fedha za jimbo, wakasema vilevile: chokaa. Tangu siku ile bodi ikawa inanigeukia kila jambo. Nami nikaanza kuamini kwamba najua.

Barua ya pongezi ilikuja mwishoni mwa mwaka. Tulipewa! Bibi aliisoma kwa sauti kwenye ukumbi wa chini wa kanisa, tukala kuku na keki. Nilidhani ruzuku ni kama nilivyoizoea kichwani: mtu anakukabidhi hundi, mnapiga picha, mnaanza kazi. Hakuna aliyeniambia, au pengine niliambiwa nikiwa natafuna, kwamba barua ya pongezi si mkataba. Mkataba unakuja miezi baadaye, unasainiwa pande mbili, na senti yoyote uliyotumia kabla ya tarehe ile ni yako na watoto wako. Tena hata baada ya mkataba hawakutangulizii fedha nyingi. Unatumia wewe kwanza, unapeleka ankara na ushahidi kwamba umelipa, ndipo unarudishiwa. Chama ambacho akiba yake ni dola 1,900 na mauzo ya keki kinatumia nini kwanza? Tulikopa, kwa riba, kwenye taasisi inayokopesha vyama kama vyetu, ili tupate fedha ambazo tayari tulikuwa "tumepewa". Mpaka leo nikilieleza hilo nyumbani, watu wanadhani nimekosea Kiswahili.

Basi Februari ile, barua ipo, mkataba haupo, nikaona duka la vifaa vya ujenzi linamaliza madirisha. Ya plastiki, vioo viwili viwili, 210 moja badala ya karibu 400. Nikanunua kumi na manne kwa kadi ya chama. Dola 2,940. Sikumuuliza mtu. Nilitaka bodi inishangilie tena.

Mwezi Aprili watu wa mambo ya kale wakaleta masharti yao kamili: madirisha ya mbele yawe ya mbao, kwa umbo la awali. Nilisoma mstari huo jikoni kwangu nimesimama, nikaukunja, nikaenda kulala. Sikumwambia Bibi. Nilijiambia ya mbele yatabadilishwa, ya nyuma yatatumika, jambo litajifia. Halikujifia, lakini nami sikulisema. Miezi sita.

Kalamu ya kijani ilitiki chokaa. Ikatiki mchanga, mbao, malipo ya fundi, kukodi jukwaa. Kisha ikasimama. Akaitoa risiti yangu, akainyoosha mkunjo kwa kiganja, akaangalia tarehe, akafungua mkataba nyuma ya faili, akaangalia tarehe nyingine.

"Hii ni ya Februari," akasema.

"Ndiyo."

"Mkataba ni wa Mei."

Sikujibu. Akauliza madirisha yenyewe yako wapi. Nikampeleka ndani, tukiruka matundu, mpaka chumba cha nyuma, nikafunua turubai. Yalikuwa yameegemezwa ukutani kumi na manne, stika za dukani bado zimebandikwa, vumbi juu. Aliyatazama kwa muda, na nadhani alinihurumia, jambo lililoniuma zaidi kuliko angenifokea. Akasema kwa upole kwamba hata tarehe ingekuwa sawa, ya plastiki yasingepita kwa upande wa mbele. Akarudi nje, akatoa ile nyekundu, akapiga mstari mmoja ulionyooka.

Bibi alikuwa amebaki kwenye ngazi. Hakuuliza kitu mbele ya mgeni. Gari la ofisa lilipokata kona ndipo akasema, "Mwanangu, ulijua tangu lini?"

"Tangu Aprili, Bibi."

Alikaa kimya. Mtaa mzima ulisikika: mbwa, redio ya mtu, basi la Monument Street. Kisha akasema kosa la kununua angelieleza kwenye bodi yeye mwenyewe, kila mtu huvutwa na bei. Ila ile miezi sita, hiyo ningeieleza mimi mwenyewe.

Niliieleza. Kanisani, chini, kwenye viti vya kukunja, mbele ya watu tisa, Jumanne usiku. Kiingereza changu kilinikimbia nikabaki natazama sakafu. Hakuna aliyenitukana. Mzee mmoja aliyefanya kazi ya chuma miaka thelathini aliuliza swali moja tu: riba ya mkopo kwa hizo 2,940 nani analipa? Hilo sikuwa nimelifikiria. Tukakubaliana nilipe zote na riba yake, 245 kwa mwezi na riba juu, mwaka mzima. Uhazini waliniachia, na wakaweka sharti la sahihi ya pili kwenye kila malipo. Mke wangu aliposikia alisema hata Pangani watu hupima tundu kwanza, ndipo wakanunua dirisha.

Hundi ya jimbo ilifika Januari, wiki kumi na moja baada ya siku ile, pungufu ya 2,940 kamili. Mwezi wa sita familia ya kwanza ikaingia, mama na wavulana watatu. Kesho yake Bibi alikwenda na ndoo na jiwe la kusugulia, akapiga magoti, akasugua zile ngazi mpaka zikang'aa, na wavulana wakasimama wakimtazama kama kichaa.

Madirisha niliyauza kidogo kidogo, mengine kwa hasara. Mawili bado yako kwangu chini, nyuma ya tanuru la kupashia nyumba joto. Nimeyapima kwenye kila tundu la nyumba yangu. Hayaingii popote.