Kibano cha Sonara

Juzi mtoto wa kaka yangu alinitumia picha kutoka Malindi. Ni yule paka wake mweupe, msumbufu, na nyuma ya sikio lake kupe wa kijivu, amejaa, ukubwa wa punje ya kunde. Chini ameandika: "Shangazi, nimpake mafuta ya taa?"

Nikamjibu asithubutu. Paka hujilamba mchana kutwa. Utakachompaka kitaishia tumboni. Wala asikope dawa ya kupe ya mbwa wa jirani, maana nyingine zina pemethrini, sumu ya kuulia wadudu, ambayo mbwa huistahimili lakini paka humtia mitetemeko, na ikizidi humuua. Atafute kibano chenye ncha nyembamba, atenge manyoya, amshike kupe karibu kabisa na ngozi, avute polepole, moja kwa moja, bila kusokota. Akanijibu kwa kile kidole gumba cha kwenye simu, basi. Vijana! Mimi nikabaki nimekaa, nimekumbuka duka la sonara.

Ulikuwa mwaka wa mvua nyingi. Nyasi za kule shamba, Hidabu, kisiwani Lamu, zilitufika magotini, na Jahazi, punda wa Ami, alikuwa akirudi mjini jioni na kupe masikioni, chini ya mkia, kwenye mapaja kwa ndani, kila penye ngozi laini. Mimi na kaka yangu tukirudi juu ya mgongo wake, miguu inaning'inia juu ya shogi, ule mfuko wa mizigo wa punda. Sasa kupe atajuaje kwamba punda ameishia wapi na mtoto ameanzia wapi?

Wangu alijichimbia nyuma ya sikio, pale nywele zinapoanzia. Nilidhani kipele, nikakikuna, hakikutoka. Kaka alikuwa naye wake, ubavuni. Nyumba nzima ikageuka baraza la waganga. Jirani aliingia na chupa ya mafuta ya taa, anasema huyo ni papasi. Si papasi. Papasi hutoka kwenye nyufa za kuta za udongo usiku, akakunyonya kwa dakika chache, akarudi zake. Huyu wa nyasini huganda siku kadhaa. Ami yeye alikwisha washa sigara. Akamwita kaka, kwa sababu kaka alikuwa mwanamume na wanaume hawalii, akamchoma yule kupe kwa nyuma, kisha akamnyofoa kwa kucha. Kaka alilia.

Ilipofika zamu yangu, Bibi akasimama kati yetu.

"Mtu yuwala chakula, wewe wamchoma moto," akamwambia Ami. "Atatapika, na sahani ni mwana huyu."

Bibi hakusoma shule. Lakini ndivyo madaktari wanavyosema mpaka leo: ukimchoma kupe, ukimpaka mafuta ili akose pumzi, au ukimminya tumbo, waweza kumfanya arudishe ndani ya jeraha alichonacho, na humo ndimo vijidudu vya maradhi hupitia. Kuhusu mafuta ya taa hakuwa na haja ya maneno. Alimwonyesha jirani ngozi ya Jahazi chini ya mkia, pale Ami alipomwagia wiki iliyotangulia. Ilikuwa imechubuka, nyekundu, nzi wamejaa, na kupe wawili watatu wangali palepale.

Akajitanda buibui, akanishika mkono, tukashuka Usita wa Mui, njia kuu ya mji, hadi kwa sonara.

Duka lilikuwa jembamba, lina harufu ya makaa na tindikali. Sonara alikuwa ameinama juu ya hereni, kioo cha kukuzia kimebanwa jichoni. Bibi hakumpa hata nafasi ya kuuliza. Alinigeuza sikio, akalielekeza kwenye taa.

"Bi mkubwa, mimi sonara," yule bwana akasema.

"Najua. Nataka mkono wako na hicho kibano chako."

Kibano chenyewe kilikuwa kile cha kushikia vijiwe vya pete, ncha zake nyembamba mno. Alikipitisha kwenye moto wa taa yake, akakipepea kipoe, akakifuta kwa pamba yenye spiriti. Akaniambia niweke shavu juu ya meza. Mbao ilikuwa na chembechembe za fedha, ziliniganda usoni. Bibi akanishika kichwa kwa mikono miwili. Nikahisi nywele zinatengwa kwa pamba mbichi, kisha ubaridi wa chuma ukigusa ngozi, si juu ya mwili wa kupe, bali chini yake, pale kinywa kilipoingia.

Halafu ikawa kama hakuna kinachofanyika. Nilitarajia anyofoe tukimbie, lakini yule bwana alivuta tu, kwa nguvu ileile moja, haongezi wala hapunguzi. Ngozi yangu ikainuka pamoja na kibano, ikakaa hivyo. Mteja akaja mlangoni kuulizia mkufu wake, akaita, akaita tena, hakujibiwa. Bibi alikuwa akisoma kitu kwa sauti ya chini. Nadhani alikuwa amefika mbali, maana alirudia mwanzo. Pumzi ya sonara ilinuka karafuu. Kisha, taratibu, nikahisi kitu kimeachia. Hata hakikuuma.

Akamweka juu ya karatasi nyeupe, akanipa kile kioo. Miguu minane, yote inapunga. Mbele, kinywani, ameshikilia kipande cheupe kidogo sana. Sonara akasema huyo anatengeneza gundi yake mwenyewe, ndiyo maana ukimvuta kwa pupa unabaki na kiwiliwili mkononi. Bibi akanyoosha kidole gumba amponde. Sonara akamzuia: damu yake isikuguse. Akamtumbukiza kwenye kichupa cha spiriti, akaniosha pale kwa maji na sabuni, akarudi kwenye hereni zake. Pesa alikataa.

Wiki mbili nzima Bibi alinipapasa paji la uso kila alfajiri, akikagua nyuma ya sikio kama kuna kidonda chenye gaga jeusi. Hiyo ndiyo dalili ya homa ya kupe, pamoja na kichwa kuuma na tezi kuvimba, na mwenye hayo haketi nyumbani, huenda hospitali. Sikupata kitu.

Tatizo ni kwamba kaka naye hakupata. Kinywa cha kupe wake kilibaki ubavuni, kikavimba, kikawasha, mwishowe ngozi ikakisukuma nje yenyewe. Homa, hakuna. Kila Idi tukikutana hunifunulia kovu la sigara na kuniuliza kibano cha sonara kilinisaidia nini. Namwambia kupe wengi hawana ugonjwa wowote wa kukupa, vyovyote utakavyowatoa. Anasema basi. Nami hapo huwa sina la kuongeza, ila kovu ni lake.

Bibi alijinunulia kibano chake, akakining'iniza jikoni kwa uzi. Na kuku, waliokuwa wakifungiwa, akaanza kuwaachia uani alipolala Jahazi. Hudonoa kupe wengi kuliko mtu anavyodhani. Sonara ndiye aliyeharibikiwa. Habari zilienea, na watoto wakaanza kumpelekea paka.

Ami alikuwa wa mwisho kukubali. Siku moja asubuhi alimpeleka Jahazi mpaka mlangoni pa duka, njia nzima ikaziba, wapagazi nyuma yake wanapiga kelele. Sonara akatoa kichwa, akamwambia kuna hospitali ya punda pale ufukweni, iko tangu 1987, na tiba ni bure.

"Huko siendi," Ami akasema. "Wataniuliza kuhusu mgongo wake."

Sonara akauinua ule mkeka uliokuwa chini ya shogi, akatazama vidonda, akaurudisha.

"Hata mimi nakuuliza," akasema, akaingia ndani kuchukua kibano.