Kwanza kanuni, sababu baadaye

Kozi yetu ya hisabati imeunganisha prekalkulasi, yaani hesabu za matayarisho, na mwanzo wa kalkulasi, yaani hesabu ya mabadiliko. Kwa kuwa sasa kilichobaki ni mtihani tu, naweza kusema bila kuficha: nusu ya kwanza niliichukia, na nadhani nilikuwa na haki. Maswali nilikuwa nayaweza. Kilichonichosha ni kupewa kanuni moja juu ya nyingine bila sababu, na nyuma ya kitabu majibu ya maswali witiri peke yake, kana kwamba yale ya shufwa ni siri ya dola. Pima pembe kwa radiani. Hii hapa namba e, ni 2.71828 na kuendelea, izoee. Chukua fankisheni, yaani kanuni inayoipa kila x jibu lake, weka x + h mahali pa x, toa, gawanya kwa h, rahisisha. Ili iweje?

Leo nimeyafungua madaftari mawili kwa pamoja, la nusu ya kwanza na la nusu ya pili, ili nijiandae na mtihani. Karibu kila jambo nililolinung'unikia katika la kwanza limejibiwa katika la pili, ila hakuna aliyegeuka nyuma kutuonyesha kwamba jibu la lile ndilo hili. Nayaandika hapa yasinipotee, na pia kwa ajili ya yeyote aliyekwama kwenye sura ya logi (kinyume cha kipeo) na kuanza kufikiria kuhamia kozi nyingine.

Nianze na zoezi la x + h, maana ndilo lililoniudhi kuliko yote. Chukua x². Ukiweka x + h unapata x² + 2xh + h². Toa x², inabaki 2xh + h². Gawanya kwa h, unapata 2x + h. Katika prekalkulasi kazi inaishia hapo: unapigia jibu mstari na kwenda swali linalofuata. Kumbe katika kalkulasi mwalimu aliandika hesabu ileile ubaoni, hatua kwa hatua, halafu akaongeza hatua moja tu: akaiacha h ipungue kuelekea sifuri. Ikabaki 2x. Huo ndio mteremko wa parabola mahali popote unapotaka kuupima. Derivativu yenyewe, ile iliyokuwa ikitutisha tangu tukiwa hatujaiona, ni zoezi la zamani lililokuwa limekatizwa kabla ya mwisho wake.

Mfano ulioniingia ni wa jiwe. Jiwe likiangushwa, ukipuuza upinzani wa hewa, baada ya sekunde t huwa limeshuka mita 4.9t² hivi. Je, ilipotimia sekunde ya 2 lilikuwa na mwendokasi gani? Ukilitazama vizuri, swali hili lina kigugumizi. Mwendokasi ni umbali kugawanya kwa muda, na katika nukta moja ya wakati hakuna umbali uliokwendwa wala muda uliopita. Ni sifuri kwa sifuri. Lakini kuanzia sekunde 2 hadi 2.1, wastani ni mita 20.09 kwa sekunde. Hadi 2.01, ni 19.649. Hadi 2.001, ni 19.6049. Huhitaji kuwa na kipaji kuona zinaelekea wapi: 19.6.

Mwenzetu mmoja akanyoosha mkono. "Samahani mwalimu, hiyo h ni sifuri au si sifuri? Maana tulipogawanya haikuwa sifuri, na sasa tunaifuta kama sifuri." Watu wakacheka, mwalimu hakucheka. Alituambia kwamba askofu George Berkeley aliuliza hilohilo mwaka 1734, akiwashambulia wafuasi wa Newton, na kwamba viasi hivyo vidogo vinavyotumiwa kisha kutupwa aliviita mizimu ya viasi vilivyofariki. Jibu lililotosheleza halikupatikana mpaka karne iliyofuata, kwa kazi ya wanahisabati Cauchy, kuanzia mwaka 1821, na baadaye Weierstrass. Hatua hiyo ya kuiacha h ipungue huitwa kikomo, na kikomo hakiulizi kinachotokea h ikiwa sifuri. Kinauliza jibu linasogelea namba gani kadiri h inavyosogelea sifuri, na kama unaweza kulisogeza karibu kiasi chochote utakachotaka.

Nilipolielewa hilo ndipo nilipoelewa pia kwa nini tulisulubiwa kwa aljebra. Lazima h ifutwe kwa mkono wakati bado si sifuri. Usipojua kuifuta, hufiki kwenye kikomo; unabaki na sifuri juu, sifuri chini, na karatasi iliyojaa. Mwalimu aliporudisha jaribio letu la kwanza la kalkulasi alisema alama nyingi za darasa zilipotelea kwenye aljebra: alama ya kutoa ambayo haikuingia hadi mwisho wa mabano, au mtu kuandika kwamba kipeuo cha pili cha a² + b² ni a + b. Wazo lenyewe la kikomo wengi walikuwa wamelishika.

Hapa kuna kichekesho kidogo. Prekalkulasi ilitukataza kuacha kipeuo chini ya mstari wa sehemu. Tulizidisha juu na chini kwa jozi yake (usemi uleule, ila alama ya katikati imegeuzwa), mara ngapi sijui, mpaka kipeuo kikapanda juu, na asiyefanya hivyo alikatwa alama. Kisha tukafika kwenye derivativu ya √x. Juu kuna √(x + h) toa √x, chini kuna h, na h haifutiki. Dawa yake? Mbinu ileile, ila kwa kuigeuza kichwa chini: zidisha juu na chini kwa √(x + h) jumlisha √x. Juu inabaki h peke yake, inafutana na ile ya chini, na h ikisogelea sifuri unapata 1 kwa 2√x. Kipeuo kimeshuka chini ya mstari, na safari hii hakuna aliyekatwa alama. Kwa hiyo kile nilichodhani ni sheria ya usafi kilikuwa mazoezi ya mkono. Wangesema tu hivyo, nisingekasirika.

Radiani nazo. Nilikuwa nimeridhika kabisa na digrii. 360 inagawanyika vizuri, pembe mraba ni 90, kuna shida gani? Shida inaanza unapotaka mteremko wa grafu ya sini. Radiani hupima pembe kwa urefu wa tao ukigawanywa kwa nusu kipenyo, kwa hiyo pembe ikiwa ndogo, tao na sini yake karibu ni kitu kimoja. Sini ya 0.1 ni 0.0998, sini ya 0.01 ni 0.0099998. Sini ya x kugawanya kwa x inasogelea 1, na kwa sababu hiyo derivativu ya sini inakuwa kosini, basi, bila mkia. Kwa digrii, sini ya digrii 1 ni 0.01745, ambayo ni karibu sawa na π kugawanya kwa 180, na namba hiyo ingetufuata kila tunapotafuta derivativu. Ukitafuta derivativu ya derivativu, inakuja na mraba wake. Nilijaribu kufanya swali moja lote kwa digrii, kwa ukaidi tu. Sirudii.

Lakini iliyonishika hasa ni e. Hapa naomba niende polepole.

Tulivyoletewa e mara ya kwanza ilikuwa kupitia riba. Jacob Bernoulli alilitazama suala hilo mwaka 1683: kama fedha inaongezeka kwa asilimia 100 kwa mwaka, na ukaigawa riba hiyo katika vipindi vifupi zaidi na zaidi, mwisho wa mwaka utakuwa na kiasi gani? Ukihesabu mara moja kwa mwaka, 1 inakuwa 2. Kila mwezi, inakuwa 2.613. Kila siku, 2.7146. Ukiendelea kukata vipindi haikui bila kikomo. Inatulia kwenye 2.71828. Sawa, inapendeza. Lakini kwa nini namba ya riba iwe na kitufe chake kwenye kikokotoo, na kwa nini kuwe na logi mbili, log (ya msingi 10) na ln (ya msingi e), wakati moja ingetosha?

Nusu ya pili ikajibu. Chukua 2 kwa kipeo x na utafute mteremko wake pale x ni sifuri. Ni zoezi la h tena: 2 kwa kipeo h, toa 1, gawanya kwa h. Inasogelea 0.693. Fanya hivyo kwa 3, unapata 1.0986. Kwa 2 mteremko uko chini ya 1, kwa 3 umevuka 1. Basi katikati lazima kuwe na namba moja ambayo mteremko wake pale ni 1 kamili, na namba hiyo ndiyo e. Kwa sababu hiyo, e kwa kipeo x ndiyo fankisheni ambayo derivativu yake ni yenyewe: urefu wa grafu mahali popote ni sawa na mteremko wake mahali hapo. Na zile 0.693 na 1.0986? Bonyeza ln 2, halafu ln 3. Niliacha kuandika kwa muda, nikajaribu ln 5 na ln 10 dhidi ya mteremko wa 5 na wa 10, zikakubali zote.

Baadaye nikasoma kuhusu John Napier, aliyechapisha logi mwaka 1614, zaidi ya nusu karne kabla Leibniz hajachapisha makala yake ya kalkulasi mwaka 1684. Nilidhani Napier alianza na vipeo, kama sisi. Hapana. Aliwaza nukta mbili zinazotembea: moja kwa mwendo usiobadilika, nyingine ikipunguza mwendo kadiri umbali uliobaki unavyopungua. Logi ilizaliwa kutokana na mwendo na kasi ya badiliko. Sisi tukafundishwa kama kinyume cha kipeo, tukakariri kanuni zake tatu, tukasonga.

Na si logi tu. Ukiutazama mpangilio mzima wa kozi, karibu umepinduliwa ukilinganisha na ulivyokuja duniani. Newton alikuwa na misingi ya kalkulasi mwaka 1665 na 1666, watu wakaitumia kwa zaidi ya karne moja, na maana sahihi ya kikomo ikaja mwisho. Sisi tunaanza na kikomo. Sisemi turudie vurugu za historia. Nimeona mtu akijaribu kueleza derivativu kwa "viasi vidogo mno" na nikatoka nimechanganyikiwa zaidi. Ila naona mwalimu au kitabu kingeweza kusema sentensi moja tu mbele ya kila zoezi: hili litatumika pale. Fankisheni ndani ya fankisheni, kwa mfano, tulizipanga na kuzipangua wiki nzima kama mchezo, na baadaye kanuni ya mnyororo, ile ya kutafuta derivativu ya fankisheni hizo, ikawa si kitu kwa yeyote aliyejua kutambua ipi iko ndani na ipi iko nje. Sentensi moja ingetosha.

Integrali, yaani hesabu za eneo chini ya grafu, zimetufikia mwishoni kabisa na kwa haraka, lakini jambo moja lilinifurahisha hata nikamwonyesha mwenzangu wa dawati. Eneo lililo chini ya grafu kuanzia mahali fulani hadi x liite A. Sogeza x kidogo kwa h. Eneo linaongezeka kwa kipande chembamba chenye upana h na urefu unaokaribia f(x), yaani urefu wa grafu pale x. Toa, gawanya kwa h, acha h ipungue: derivativu ya A ni f(x). Kwa hiyo kutafuta eneo ni kurudi nyuma kutoka kwenye derivativu. Mwenzangu akatazama, akasema, "Hii si ile x + h ya mwanzoni?" Ndiyo hiyohiyo.

Tatizo ni kwamba kurudi nyuma si rahisi kama kwenda mbele. Derivativu ya karibu fankisheni yoyote tuliyofundishwa naweza kuipata kwa subira. Lakini kuna e kwa kipeo cha −x², grafu yenye umbo la kengele, ambayo eneo lake halina fomula unayoweza kuiandika kwa polinomia, sini, vipeo na logi, hata ukiziunganisha vipi. Hilo limethibitishwa, wala si kwamba hakuna mtu aliyejitahidi vya kutosha. Hata hivyo eneo lote chini yake, kutoka upande mmoja usio na mwisho hadi mwingine, linajulikana kamili: ni kipeuo cha pili cha π, karibu 1.77245.

Jioni nililikata kwa vipande vya upana wa 0.5, kutoka −2 hadi 2, nikapata karibu 1.761. Hesabu inakubali. Ninachotaka kujua ni π imeingiaje pale, penye grafu isiyo na duara lolote. Mwalimu anasema inahitaji vigeugeu viwili na iko kwenye kozi ya mbele, na haimo kwenye muhtasari wa mtihani wetu. Nimeshaazima kitabu cha kozi hiyo hata hivyo.