Yule mama na shuka

Mchezo wa kuigiza wa wanafunzi wangu ulikuwa mfupi. Mama anaumwa, hainuki kitandani. Watoto wake wa kiume wana shughuli zao na pole nyingi za simu. Binti, Zawadi, ameacha kazi ili amuuguze. Mwisho tuliuweka mbaya makusudi: Zawadi anachoka, kaka zake wanamgombeza kwa kuchoka.

Kwenye maigizo shirikishi ya aina hii, aliyoiasisi mwongozaji wa tamthilia Augusto Boal, mchezo hurudiwa. Safari ya pili mtazamaji yeyote anaweza kupaza sauti, "Simamisha!", akaingia kushika nafasi ya anayeonewa. Si nafasi ya mwonevu, maana kumfanya kaka awe mwema ghafla hata mtoto anaweza. Waigizaji wengine wanaagizwa wakaze msimamo. Boal alikuwa uhamishoni, ametoka Brazili, alipolifikia hilo nchini Peru mwaka 1973: mama mmoja alichoka kuwaelekeza waigizaji wasiomwelewa, akapanda jukwaani mwenyewe. Kisa hicho wanafunzi wangu walikuwa wamekisikia mpaka wakakikinai.

Siku hiyo wa kwanza kuingia alikuwa kijana mmoja mwenye sauti nzuri, akahutubia juu ya wajibu. Mwanafunzi wangu aliyecheza kaka mkubwa akamsikiliza mpaka mwisho, akamjibu, "Umesema kweli kabisa, dada. Basi nitakupigia." Watu wakaangua kicheko. Wa pili akaja na fedha za kuajiri muuguzi. Nikawauliza watazamaji kama inawezekana. "Zimetoka wapi?" wakamzomea, akarudi kukaa.

Ndipo akasimama mama mmoja wa makamo, wala hakusema "Simamisha." Alimvua Zawadi kitenge, akajifunga, akaokota shuka, akamtwisha kaka mikononi. "Mgeuze mama. Amelalia upande huo tangu asubuhi." Kisha akatoka jukwaani, akasimama pembeni na mikono kiunoni.

Kijana wangu aliyecheza kaka alikuwa na majibu ya kila hoja tuliyoifanyia mazoezi. Kwa shuka hakuwa na jibu. Akamtazama mgonjwa, akanitazama mimi, nikageuza uso. Mwishowe akamshika mama yake makwapani na kumvuta kama gunia. "Unaniumiza, we mtoto!" akapiga kelele mgonjwa, na hilo halikuwamo kwenye mchezo.

"Sijui kufanya!" akasema kaka. Nadhani lilikuwa neno lake la kwanza la kweli tangu tuanze.

Mtazamaji mwingine, muuguzi kwa kazi yake, hakuvumilia. Akaingia bila kuniomba ruhusa: kunja goti la mbali, mkono mmoja begani, mwingine nyongani, mvutie kwako taratibu. Kila saa mbili hivi, akasema, la sivyo vidonda vya mgongo havikawii. Wanaume wa mstari wa nyuma wakasogea mbele kuona. Mmoja akataka kujaribu, kisha mwingine. Mgonjwa wetu aligeuzwa mpaka akaomba maji.

Waliotualika walikuwa wamenipa orodha ya maswali ya kufunga mjadala. Niliikunja nikaitia mfukoni.

Mzee mmoja ndiye aliyeuliza lililobaki. "Haya, mchana tumeelewa. Na usiku atamgeuza nani?"

Yule mama alikuwa bado amejifunga kitenge cha Zawadi. "Usiku mimi nalala," akamjibu. "Pangeni zamu."

Wakaanza kubishana nani aanze.