Mbung'o wa ndege

Jana babu wa kule karibu na msitu wa Jozani, Unguja, kanichekesha wallahi, eti miaka ya 90 ndege ikipita inamwaga mbung'o, wale nzi wanaonyonya damu na kuwaambukiza ng'ombe maradhi ya kukonda, na yeye na wenziwe wakaapa wanaletewa maradhi, nani anamtibu mdudu kwa mdudu? Kumbe wale madume tu, wamefugwa Tanga wakapigwa mionzi wasizalishe, na jike la mbung'o kawaida hupandwa mara moja tu, likimpata dume kama yule basi tena imekwisha. 1997 Unguja ikatangazwa haina mbung'o.

Nkamuuliza, we babu uliamini lini? Simlaumu lakini, anasema yeye hakuelezwa na mtu. Akaweka kikombe cha kahawa chini, "siku ng'ombe wangu alipoacha kukonda."